Kamba ya Kisima cha Ilindiwa

"Mshika kamba hachimbi, wala haondoki."

Mmeisikia juzi matangani, mama mmoja akimwambia mwenzake aliyekuwa akimhimiza mfiwa anyamaze. Nanyi vijana mkatazamana mkacheka, mkadhani ni maneno ya wafuga ng'ombe. Si ya kucheka. Kaeni chini. Methali hii ilianza hivi, na ilianza na maiti.

Ilindiwa ni nchi kavu. Zamani, kabla ya pampu, maji yalikuwa mbali ardhini, na waliojua kuyafuata walikuwa watu wa ukoo mmoja. Kazi yao ilikuwa ya wawili wawili. Mmoja alishuka na jembe fupi, amefungwa kiunoni kamba ya ngozi ya ng'ombe. Mwenzake alibaki juu, amekita visigino kwenye vishimo viwili, kamba imempita mgongoni. Tena hawakuitana kwa sauti. Sauti ikiingia shimoni inachafuka, aliye chini akaelewa vingine. Walizungumza kwa kamba. Aliye chini akivuta mara moja polepole, alikuwa anauliza, "Upo?" Aliye juu akavuta mara moja kujibu, "Nipo." Aliye chini akivuta harakaharaka, atolewe, hakuna kuuliza.

Katika ukoo huo palikuwa na mjane jina lake Nyendo. Alikuwa na wana wawili, Chilewa na mdogo wake Msanjila. Msanjila alishuka, Chilewa alishika kamba. Siku moja mchana, kuta za shimo zikaporomoka na Msanjila akafia chini. Walimtoa jioni, mchanga umemjaa hadi masikioni.

Baada ya mazishi Chilewa akaacha kula. Alikuwa akienda pale shimoni, anakaa ukingoni na kuning'iniza miguu. Nyendo akafanya hesabu ya mama: mmoja kaenda, huyu wa pili naye yuko njiani. Akajifunga kibwebwe. Nguo za Msanjila akazigawa zote. Akawaonya majirani kwamba jina la marehemu lisitajwe nyumbani kwake. Kila aliyekuja kutoa pole alifundishwa mlangoni maneno ya kusema: "Mwambieni si kosa lake. Siku ya mwenzake ilifika."

Chilewa alipofungua mdomo, "Mama, siku ile...", Nyendo alimsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Yaliyopita yamepita."

Akaita mganga, akachinja mbuzi. Akaenda kijiji cha pili kumtafutia mchumba, akidhani mke atamshika mguu asiende tena shimoni. Naye mwenyewe alimfuata kila alikokwenda, akamrudisha kwa kumshika mkono, mwanamume mzima mwenye ndevu. Jirani mmoja akamwambia, "Mama Chilewa, si umbebe kabisa kwa mbeleko tujue moja?"

"Cheka tu," akasema Nyendo. "Wewe bado unao wote."

Miezi miwili ikapita hivyo. Chilewa akakonda, macho yakaingia ndani.

Ndipo akaja Madeje, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Nyendo. Ujana wake wote aliutumia kushika kamba, na sasa mikono ilikuwa ikimtetemeka hata kikombe cha uji kinamwagika. Nyendo akampokea mlangoni, akaanza kumfundisha maneno. Madeje akasikiliza yote, kisha akaenda kukaa uani karibu na Chilewa. Hakusema lolote. Kesho yake akakaa tena. Nyendo akawa ananung'unika jikoni: mzee huyu amekuja kumaliza uji wangu.

Siku ya tatu Chilewa mwenyewe akaanza. "Baba mkubwa, watu wanasema siku yake ilifika."

"Nimewasikia. Wewe unasemaje?"

Nyendo alikuwa nyuma ya mlango akipeta mtama, ungo ukasimama mkononi.

"Niliondoka," akasema Chilewa.

Nyendo akatoka mbio na ungo wake. "Shemeji! Mtoto hali, halali, nawe unamchokonoa kidonda? Mwambie hakukosa!"

"Nyendo, siku ile mimi sikuwepo," akasema Madeje. "Wewe hukuwepo. Yeye alikuwepo. Mwache aseme."

"Akisema atakufa!"

"Na huku kunyamaza unakuonaje? Kumemnenepesha?"

Chilewa akamtazama mama yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Niliifunga kamba kwenye kisiki, mama. Wachungaji walikuwa wanapita, nikaenda kuwaomba ugoro. Nikakaa nao, nikacheka nao. Niliporudi shimo lilikuwa limejaa. Na kile kisiki, gome lote lilikuwa limechubuka pale kamba ilipopita. Alivuta. Alivuta mara nyingi, mama. Alikuwa anauliza kama nipo."

Ungo ukaanguka. Mtama ukamwagika uani, kuku wakaja, na hakuna aliyewafukuza.

Nyendo alitafuta neno la kusema, yeye aliyewagawia maneno watu wote wa Ilindiwa, asilione. Tusifichane: kwa kitambo kidogo alimchukia mwanawe. Kisha akakaa chini palepale penye mtama.

"Sasa nami nife?" akauliza Chilewa. "Si ndiyo haki?"

Madeje hakumwambia hakukosa. Hakumwambia amekosa. "Kufa hatukukosi, wewe hata mimi," akasema, "wala hakuhitaji kukimbiliwa. Mimi nakuuliza jingine. Unazo siku ambazo mwenzio hanazo. Utazifanyia nini?"

"Sijui."

"Haya. Nitakaa hapa wakati unatafuta."

"Nisipopata?"

"Nitakuwa nimekaa."

Akakaa kweli. Siku nyingine Chilewa alilia mpaka akatapika, siku nyingine alimtukana mzee na kumfukuza. Madeje alisogeza kigoda chake kivulini, akakaa. Nyendo naye alikuwa akija kwa mbali, anafungua mdomo, anaufunga tena. Ilimuuma kuliko kushonwa kidonda, kumwona mwanawe analia na asimnyamazishe.

Siku moja asubuhi Chilewa akasema, "Nataka kumaliza shimo la Msanjila."

"Hapana!" Nyendo akapiga kelele. "Shemeji, mwambie hapana!"

"Shimo si langu," akasema Madeje. "Swali langu ni moja tu: kamba atashika nani? Mikono yangu mnaiona."

Chilewa akamgeukia mama yake. Ilindiwa mwanamke hakuwahi kushika kamba ya kisima. Nyendo akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. "Nikishika mimi nitakuvuta nje, mwanangu. Sitaweza kujizuia."

"Ukinivuta nitashuka tena, na safari hiyo bila kamba. Nishikie tu, mama."

Wakaenda. Kuta wakaziegemezea miti, kamba wakaizungusha mara moja kwenye kisiki kilekile ili uzito usimshinde mama, na Nyendo akakita visigino kwenye vishimo vya mwanawe. Chilewa akazama, kichwa kikapotea. Kamba ikatulia.

Ikatulia mno. Nyendo akahesabu pumzi zake, zikamchanganya. Akavuta hewa ili aite.

"Umeona amevuta?" akauliza Madeje.

"Hapana."

"Basi anachimba. Kuchimba si kwako."

Nyendo akauma upindo wa nguo yake mpaka meno yakauma. Ndipo kamba ikavutwa, mara moja, polepole. Akajibu. Baada ya muda kidogo ikavutwa tena. Akajibu. Kutwa nzima Chilewa aliuliza, zaidi ya mchimbaji yeyote aliyewahi kushuka, na kila mara mama yake alivuta mara moja. Mchana, viganja vikitoka damu, macho yake yakaangukia lile chubuko la kisiki mbele yake. Akaelewa kwamba swali hili lilikwisha kuulizwa na mwanawe mwingine, hapahapa, kwa kamba hiihii, na likajibiwa na mti. Hakulia kwa sauti. Mkono wake ulikuwa unasubiri swali jingine ili ujibu.

Siku ya tisa Chilewa akapanda na jembe fupi la mdogo wake. Akalifuta, akaliweka mapajani, akalia nalo. Siku ya kumi na moja maji yakatoka.

Yalikuwa ya chumvi. Ng'ombe waliyanywa, watu hawakuyaweza. Wapo waliocheka, "Machozi yote yale, kumbe kwa maji ya ng'ombe!" Chilewa akajenga ukingo wa mawe, akaondoka na majembe mawili kwenda kuchimba kwingine.

Msidhani alipona akawa kama zamani. Ugoro hakuuonja tena, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kama mvua ya Agosti. Mpaka mvi zinamtoka, zilikuwapo asubuhi alizoshindwa kuamka. Siku hizo Nyendo hakubisha hodi wala hakupeleka sahani. Alikaa chini mlangoni, mgongo umeegemea ukuta, hadi sauti itoke ndani.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Basi. Hayo tu. Mengine aliyamaliza Chilewa mwenyewe kule ndani, na saa nyingine jua lilikuwa utosini ndipo alipotoka.

Nyinyi mnaocheka leo, kesho mtazaa, mtaoa na kuolewa, mtakuwa na marafiki. Atakuja mmoja wao ashuke mahali ambapo huoni chini. Usijitie kumziba mdomo kwa chakula na maneno matamu kama alivyofanya Nyendo mwanzo, alibakiza kidogo tu azike wa pili. Na usiifunge kamba kwenye kisiki ukaenda kuomba ugoro, eti unarudi sasa hivi. Gome la mti halijui kusema "nipo." Nyendo alizikwa na alama za kamba ya ngozi viganjani, na waliomwosha walipoziona wakasema kwa mara ya kwanza maneno haya mliyoyasikia:

Mshika kamba hachimbi, wala haondoki.