Sangara Aliyemeza Gambuti

Palikuwa na Mtemi mmoja, Budodi, aliyetawala kando ya ziwa, na Mtemi huyu alipenda sangara kuliko alivyowapenda watu wake. Hilo si kosa. Sangara ni mtamu. Kosa lilikuwa sheria yake. Alitangaza kwamba fulu wote, wale samaki wadogo wa ziwani, ni mali yake ya urithi. Na kwa kuwa sangara hula fulu, basi kila sangara aliyemeza fulu ni wa Mtemi. "Aliyekula changu ni wangu," alisema. Wazee wa baraza wakaafiki, maana walikuwa wamealikwa chakula cha mchana.

Akamweka mtu mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, Mpasuaji Mkuu wa Matumbo, akampa kisu na kiti. Kila sangara aliyeletwa alipasuliwa. Na kila sangara alikutwa na fulu, kwa sababu wavuvi, Mungu awape akili, walitumia fulu kama chambo. Miaka mitatu wao wakavua, miaka mitatu Mtemi akala.

Alikuwepo fundi viatu, mjane, jina lake Kwandu. Msiniulize ilikuwa mwaka gani; gambuti zilikuwepo, inatosha. Binti yake Milembe alikuwa amejifungua, na siku ya tatu maziwa yalikuwa hayajatoka. Kichanga kililia mpaka sauti ikakauka. Mkunga akasema dawa ni supu ya kichwa cha sangara, ya moto, kutwa mara tatu. Kwandu aliumia moyo, akaumia kweli. Kisha akachukua gambuti la marehemu mumewe.

Alilichemsha likalainika. Kwenye soli akachonga samaki, urefu wa kiganja na nusu, mkia akauacha mwembamba ili utikisike kwa maji kidogo tu. Kichwani akamtia risasi ya kumzamisha. Ndoana akaiingiza mdomoni ikatokea mgongoni, katikati kabisa, maana ikitokea upande samaki huzunguka kama pia, na sangara si mjinga kiasi hicho. Akafunga na ndoana ya pili karibu na mkia, kwa ajili ya wale wanaouma kwa nyuma. Tumboni mwa samaki bado palisomeka namba ya kiatu: nane.

Alfajiri akaingia mtumbwini. Akamshusha samaki wake mpaka mshipi ukalegea. Ndiyo kusema amegusa chini. Akamnyanyua, akamwachia azame. Akamnyanyua, akamwachia. Samaki anayezama huonekana mgonjwa, na wakubwa huwapenda sana wagonjwa. Mara ya kumi na moja mshipi ukakaza, mtumbwi ukageuka wenyewe.

Mwaloni, Mpasuaji alipasua tumbo. Tupu. Akaingiza mkono mpaka kwapani. Tupu. Kooni akavuta namba nane. Akatimua mbio kumwita Mtemi.

"Fulu wangu yuko wapi?" Mtemi aliuliza.

"Hamna, Mtemi," Kwandu akajibu. "Huyu kafa kwa gambuti."

"Alidhani ni fulu. Nia yake ilikuwa mali yangu!"

"Mwizi aliyevunja zizi akakuta halina kitu, Mtemi, unamdai ng'ombe gani?"

Watu wakakohoa. Siku hiyo kikohozi kilikuwa kingi sana mwaloni.

"Umeiba umbo la fulu wangu."

"Kwani fulu wako wanavaa nane?"

Mtemi akavimba. "Huyu sangara kakaa ziwani muda gani?"

"Kwa ukubwa huu, miaka."

"Na miaka yote hiyo alikula nini, majani? Nyama hii, mifupa hii, kichwa hiki, vyote vimejengwa na fulu wangu! Tumbo ni tupu leo, juzi lilijaa. Mpasuaji, beba!"

Mpasuaji akamshika sangara mkia. Kwandu akaona supu ya binti yake inaondoka. Akakaa mchangani kama mtu aliyeishiwa, na sauti ikamshuka.

"Mtemi, mimi mjinga, nielimishe. Sheria inamshika hata aliyekula zamani?"

"Hata zamani." Mtemi akasogea karibu, akifurahi kumwona pale chini.

"Hata aliyekula akiwa mchanga, hajui anachokula?"

"Hasa huyo! Ndipo mwili unapojengwa."

"Na mwenye mali akifa?"

"Anarithi mtoto wake, kama nilivyorithi mimi."

"Ila hiyo ni sheria ya Mtemi tu. Sisi wanyonge haituhusu."

"Nani kasema? Mimi ni mtu wa haki! Ni sheria ya wote. Aliyekula cha mtu ni wa mtu, awe mdogo awe mkubwa, kichwa na mkia."

"Ahsante, Mtemi, nimeelewa. Limebaki moja tu. Wewe ulinyonya kwa nani?"

"Mama yangu alikosa maziwa. Nilinyonyeshwa na mama yako, Nyanzala, Mungu amrehemu, miaka miwili mizima, nchi yote inajua kwamba..."



Kwandu akainuka, akajipangusa mchanga.

"Mpasuaji, usijisumbue," akasema. "Atabeba huyu wangu."