Usukani wa Mama Edwiga

"Aliyekaza ndiye apande kwanza." Mmeisikia leo harusini, mpishi akiambiwa aonje pilau yake kabla ya kupakua, mkacheka. Sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianzia uani kwangu, wajukuu zangu, na mwenye aibu yake ni mimi.

Nilipoanza kuunda baiskeli hapa nyumbani Ifakara, sikuwa na karakana. Nilikuwa na spana nne, fremu kuukuu nilizozipaka rangi upya, na boriti ya jikoni ya kuning'inizia magurudumu. Bibi yenu alipika huku akiinama asigongwe kichwa. Kazi ilikuwa safi, ila nilikuwa na jambo nililolificha kama ugonjwa: sikujua kupanda baiskeli. Nilianguka utotoni, woga ukanishika, umri ukapita. Nilizikokota kwa mkono mpaka kwa mteja, watu wakasema, "Fundi Libena anatunza mali ya watu." Nikiombwa nijaribu, nilijibu kwamba baiskeli mpya hupandwa kwanza na mwenyewe. Wakadhani ni heshima, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Mama Edwiga, mkunga wetu, aliagiza moja ya kumfikisha kwa waja wazito wa mashambani. Niliipindua, nikazungusha gurudumu, likaenda kimya. Nikamkabidhi. Lakini baiskeli iliyopinduliwa haisemi kama usukani umekazwa; hilo hujulikana mtu akishapanda. Sokoni alikata kona, usukani ukageuka peke yake, gurudumu likaenda moja kwa moja hadi mtaroni. Mkono uliowapokea wanangu watatu ukavunjika.

Baada ya siku chache alikuja, mkono umefungwa shingoni, majirani nyuma yake.

"Pole, Mama. Labda ni ubovu wa njia," nilisema. Uongo huo unaniuma mpaka leo.

"Basi ikaze, kisha panda nikuone."

Nikakaza. Nikasimama.

"Panda, fundi."

"Mama, sijui."

"Hujui nini?"

"Kupanda. Sijawahi."

Jirani mmoja akacheka, na kicheko kile kikanichoma. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Edwiga akashika kiti cha baiskeli kwa mkono wake mzima.

"Kaa hapa, mwanangu. Aliyekaza ndiye apande kwanza."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Alinisukuma siku tatu, nikianguka mbele ya wanangu, naye mkono shingoni. Mkono ule ulipona umepinda kidogo. Kila nilipomwamkia, nilitazama chini.

Tangu hapo, hakuna baiskeli iliyotoka uani humu kabla sijaipanda mpaka kwenye mtaro ule na kurudi. Watu wakiniona napita, walirudia maneno ya Mama Edwiga, nami niliyasikia. Mwishowe yakaenda mpaka kwa wapishi. Nyinyi chekeni tu. Mimi nikiyasikia, nauona mkono uliopinda.

Aliyekaza ndiye apande kwanza.