Mtungi wa Kibaba, Mtungi wa Mbuzi

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi wa huko nyuma itikieni, mimi sisimulii kuta. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na mfinyanzi, Bi Nasemba. Anakanda udongo, pa! pa! pa! Anafinyanga, anachoma. Kila mtungi anautia alama chini: mikwaruzo mitatu ya ukucha. Bei yake kibaba kimoja cha mtama. Kwa tajiri kibaba, kwa maskini kibaba.

Siku moja akapita mchuuzi, akainunua mitungi yote, akavuka nayo mto. Huko akatangaza: mtungi mmoja, mbuzi mmoja! Weee! Wanakijiji wakafunga safari, kila mtu na mbuzi wake, mee! mee! Wakarudi na mitungi, wakaiweka milangoni wapita njia waione.

Bi Nasemba akaitazama. Akaitazama tena.

"Huu si wangu huu?"

"Wako wa kibaba," wakamcheka. "Huu wa mbuzi."

Kichwa kikamzunguka. Udongo ule ule, moto ule ule. Mbuzi kaingilia wapi?

Basi binti yake akaposwa. Desturi yao, mama wa bibi harusi huwanywesha wakwe maji ya kwanza kwa mtungi wake. Bi Mkami, mama wa bwana harusi, akatuma neno: "Kwa mtungi wa kibaba sinywi. Lete wa mbuzi, au mwanao abaki kwenu."

Bi Nasemba alikuwa na mbuzi mmoja tu, wa maziwa. Akamwendea mzee Kiluwa, mwenye busara wa kijiji, yule ambaye jina lake tunalitaja hadi leo. Analia, anafoka.

"Nikanunue mtungi wangu mwenyewe, babu? Nimekosa nini?"

"Sijui," mzee akasema. "Jaza mtungi wako maji, twende."

Wakafika kwa Bi Mkami.

"Mkami mwanangu, nina kiu. Nichotee kwenye ule wa mlangoni."

"Ule? Ule hautiwi maji, babu, utachakaa!"

Mzee akanywa ya Bi Nasemba. Gu, gu, gu! Baridi hadi meno yakamuuma. Kisha akaupindua ule wa mlangoni. Vumbi. Mjusi, puu! Na chini, mikwaruzo mitatu. Akaunyanyua wa Bi Nasemba juu, wauone chini. Mitatu.

Bi Mkami akapokea kata ya maji, akanywa, akaongeza. "Harusi ipo," akasema. Halafu akamwinamia Bi Nasemba sikioni: "Ila watu wakiuliza, mwenzangu, tuseme wa mbuzi wawili."

"Sema kibaba!" Bi Nasemba akafoka. Akamgeukia mzee, macho yamemtoka. "Babu, hawa watu wana nini?"

Mzee akakuna kichwa.

"Mtungi naujua, mwanangu. Mtu bado namtazama."

Nanyi mnaocheka, sikieni: ukitaka kuujua mtungi, utie maji unywe. Usimuulize jirani. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akachote.