Kwa Nini Alama za Amri Husimama Wima

Zamani, katika bonde la Kisanjuni, hakukuwa na alama ya usemi iliyosimama wima. Zile alama ndogo zinazofungua na kufunga maneno ya mtu zote ziliinama, ya mwanzo ikielekea huku na ya mwisho ikielekea kule, kama waombolezaji waliosimama pande mbili za kaburi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu watu wa Kisanjuni wenyewe waliinama hivyo. Mtu akitaka kurudia neno la mwenzake, hasa neno la marehemu, alishusha kichwa kidogo, akalisema, kisha akashusha kichwa tena ndipo akaendelea na maneno yake. Mtoto aliyerudia neno la mtu huku amekaza shingo alirudishwa mlangoni aingie upya.

Sifueli alikuwa mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Alikuwa mgane, mtu wa sala, asiyekuwa na maneno mengi. Alipanga vitabu vya nyimbo, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na kompyuta yake aliiwekea utaratibu kwamba alama yoyote ya usemi iliyochapwa wima ijiinamishe yenyewe. Alisema alama iliyosimama wima mbele ya neno ni kama mwanamume anayeingia kanisani na kofia kichwani.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Namkunda, naye alikuwa mlinzi wa malango ya bwawa lililo juu ya bonde. Chini ya bwawa lile kulikuwa na nyumba, mashamba ya mpunga na shule. Malango yalikuwa ya mafuriko tu, na yalifunguliwa kwa kompyuta. Mlinzi aliandika amri kwenye kioo cheusi, mashine ikatii. Kwa kuwa majina ya malango yalikuwa na maneno kadhaa, jina lilizungushiwa alama za usemi ndani ya amri, ili mashine ijue linaanzia wapi na linaishia wapi, kama shamba linavyojulikana kwa vigingi vyake.

Kulikuwa pia na sheria moja ambayo kila mlinzi aliapishwa. Amri haichapwi kwa vidole. Inanakiliwa kutoka kitabu cha amri kilichokuwa ndani ya kompyuta, kisha inabandikwa kama ilivyo. Sheria hiyo ilitokana na mlinzi wa kale aliyechapa amri, akakosea jina, akafungua lango lisilo lake, na miche ya bonde zima ikachukuliwa na maji.

Kitabu cha kwanza kiliandikwa na fundi mgeni aliyefunga mashine. Kilikuwa na sura mbaya, na alama zake zilisimama kama misumari iliyopigwa nusu. Kamati ya maji ikaona aibu, ikampa Sifueli akipange upya kama vitabu vingine vya Kisanjuni. Alikishughulikia Kwaresima nzima. Namkunda alipitia kiwandani siku moja, akachungulia juu ya bega lake.

“Baba, hizi ni amri za mashine, si zaburi,” akasema. “Ukiendelea hivi utaipigisha magoti hata nukta.”

“Neno ni neno,” Sifueli akajibu. “Mama yako alikuwa akisema,” hapo akashusha kichwa, “‘Sifueli, usitoe kazi nyumbani haijachanwa nywele.’” Akashusha kichwa tena.

Namkunda alicheka, lakini naye alishusha kichwa, kwa kuwa lile lilikuwa neno la mama yake.

Kitabu kilipokamilika kililetwa kanisani na Mchungaji Mbonea akakiombea mbele ya waumini wote. Cha zamani kikaondolewa kwenye kompyuta ya bwawani, kipya kikawekwa mahali pake. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na malango hayakuwa na kazi. Haikumjia mtu yeyote moyoni kunakili hata amri moja ili aone kama mashine itaitii. Kitabu kilikuwa kimeombewa. Kukijaribu kungekuwa kama kumuuliza Mungu maswali.

Mvua za vuli zikaja na hasira. Asubuhi moja maji yalifika ukingoni mwa bwawa, na Namkunda akatakiwa kufungua lango linalopeleka maji nyuma ya kilima, kwenye korongo lisilo na watu. Akaifungua amri kitabuni, akainakili, akaibandika:

fungua “Lango la Mto Mkavu”

Mashine ikajibu: Sijui lango hilo.

Akarudia, ikajibu vilevile. Ndipo akampigia simu baba yake kiwandani.

“Baba, mashine inanikatalia. Inasema hailijui lango.”

“Umenakili kitabuni?”

“Nimenakili, na nimerudia. Maji yamefika kwenye ngazi, Baba. Nichape mwenyewe kwa vidole?”

Sifueli aliikumbuka miche iliyochukuliwa na maji. Alikikumbuka kitabu kilivyolala mbele ya madhabahu. “Usiguse hata nukta, mwanangu,” akasema. “Nakili kama ilivyo. Kitabu kimeombewa.”

Katika simu alisikia mvua ikipiga bati la nyumba ya malango.

“Haya, Baba,” Namkunda akasema, akakata simu.

Mengine yalisimuliwa na wachimba mchanga waliokuwa ng'ambo ya bwawa. Walimwona akitoka na kuipiga kengele ya hatari kwa mikono miwili, mpaka watu wa bondeni wakaanza kupanda kilimani na walimu wakatoa watoto wa shule. Kisha akateremka kwenye tuta la bwawa, penye usukani wa chuma wa kufungulia lango kwa mkono, ambao tangu mashine ije haukuwa umeguswa na mtu. Akauning'inia kwa uzito wake wote. Usukani ukazunguka, lango likafunguka, maji yakageuka kuelekea korongoni. Lakini tuta lilikuwa limekwisha kulowa, na pale aliposimama pakameguka, pakaondoka naye. Bonde likapona. Namkunda alipatikana nyuma ya kilima mvua ilipokatika.

Baada ya mazishi Sifueli aliomba ufunguo wa nyumba ya malango. Hakwenda kutafuta chochote. Alitaka tu kukaa kwenye kiti alichokalia mtoto wake. Kioo kilikuwa bado kimebaki na mistari ya asubuhi ile, amri na majibu yake, amri na majibu yake, na mkono wa Namkunda ulikuwa ndani ya kila mstari. Sifueli akaweka vidole kwenye vibonye ambavyo vidole vya mtoto wake vilivigusa. Kwa kuwa hakuwa mlinzi na hakuwa ameapa, akaichapa amri ile polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayefuata nyayo. Alama alizozichapa zilisimama wima, kwa maana kompyuta ya bwawani haikuwa na mtu wa kuziinamisha.

Mashine ikajibu: Lango liko wazi tayari.

Alitazama mstari wa mtoto wake, akatazama na wake. Alikuwa ametumia maisha yake yote kutazama mambo madogo kwenye kurasa, na jicho lake halikuchelewa. Herufi zote zilikuwa zilezile. Vichwa vya alama tu ndivyo vilivyotofautiana. Mashine haikuwa imefundishwa heshima. Ilitafuta vigingi vya shamba, ikaona watu isiowajua wameinama njiani, ikawahesabu kuwa sehemu ya jina.

Mchungaji Mbonea alimkuta bado ameketi pale.

“Mzee Sifueli, usijitwishe mafuriko,” akamwambia. “Mvua ni ya Mungu.”

“Mvua ni yake, Mchungaji,” Sifueli akasema. “Alama ni zangu.”

Mchungaji akavuta kiti kingine. Wakakaa wote wawili bila kuomba.

Vijana wa kiwandani walimwambia kwamba kompyuta inaweza kuzinyoosha alama zote kwa mara moja, na yeye aende akapumzike. Sifueli akakataa. Kitabu hakikuwa na amri peke yake, akawaambia. Kilikuwa pia na maonyo na mausia ya watu, na maneno ya watu hayastahili kusimamishiwa misumari. Ilibidi aifikie kila alama, aiulize inalinda neno la nani. Ikiwa inalinda jina ndani ya amri, aliinyoosha. Ikiwa inalinda neno la mtu, aliiacha ilivyo. Kila amri aliyoinyoosha aliinakili hapohapo kutoka kwenye ukurasa wenyewe, akaibandika kwenye mashine, akasubiri jibu. Kazi ilikuwa ndefu na macho yake yalimsumbua, maana hayakuwa yanakauka.

Katika ukurasa wa lango la Mto Mkavu, juu ya amri, alikuta onyo ambalo walinzi walikuwa wamempa alipange na ambalo alilisahau. Chini yake palikuwa na jina la aliyelitoa. Namkunda alikuwa amesema: “Kabla hujafungua piga kengele, uwape watu muda wa kutoka.”

Sifueli alikaa na ukurasa ule. Alama za onyo akaziacha zimeinama. Za amri akazinyoosha. Lango lilikuwa limekwisha kufungwa maji yalipopungua. Akatoka nje, akaipiga kengele kama alivyoagizwa, akawapa watu muda, akarudi ndani, akanakili na kubandika:

fungua "Lango la Mto Mkavu"

Mashine ikajibu: Limefunguka. Maji yakasikika yakienda korongoni kwa utulivu, nyuma ya kilima, ambako hakukuwa na mtu wa kuokolewa.

Kutoka mwaka ule hadi leo, Kisanjuni ina alama za namna mbili. Katika hadithi, barua na mawe ya makaburi zinainama, kwa sababu zinalinda neno la mtu. Katika vitabu vya amri za mashine zinasimama wima, hazina urembo, na mpanga kurasa anayezipamba anasimamishwa kazi. Na kila kitabu cha amri hujaribiwa kwanza na mkono uleule uliokipanga, amri baada ya amri, ndipo kipelekwe kuombewa. Vijana wanaokuja kujifunza kazi ya malango huuliza kwa nini ukurasa wa Mto Mkavu una alama za namna zote mbili, moja juu ya nyingine. Mwalimu wao hushusha kichwa, akawasomea onyo, akashusha kichwa tena. Kisha hukaa wima na kuwaonyesha amri.