Ubao Wenye Tundu

Kaeni, wapendwa. Na mlioko nje hapo ukutani ingieni, maana leo sitapaza sauti. Kuna maneno mtu anaona haya kuyapigia kelele, na haya ni miongoni mwayo.

Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye gobore, katika kijiji kilichopakana na pori. Gobore mnalijua: unamimina baruti mdomoni mwa bunduki, unashindilia kwa fimbo, unatia goroli, unashindilia tena, ndipo unamwomba Mungu. Naona wazee wanacheka. Chekeni sasa, baadaye hamtacheka.

Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya kijiji kile, kwa hiyo kamati ya mashamba iliweka walinzi, na ilikuwa na utaratibu wake. Goroli ikipigwa karibu inakwenda sawa. Ikipigwa mbali inachoka, inashuka, inaishia mavumbini. Basi kila mlinzi ilimpasa apime bunduki yake kwa hatua ishirini, kwa arobaini, na kwa themanini, ajue kwa kila umbali ainue mdomo wa bunduki kiasi gani juu ya shabaha. Kisha aliuleta ubao wake wa hatua themanini, wenye tundu, na kamati iliupigilia misumari kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Aliyeshindwa themanini alipewa dungu la karibu na nyumba. Watu walimtania siku mbili tatu, yakaisha. Kupima kila mtu alikwenda peke yake, maana siku ya kupima magobore hakuna mwenye akili anayepita karibu.

Mtu wetu akaenda. Hatua ishirini, akapata. Arobaini, akapata pembeni pembeni. Themanini, akaona vumbi linatimka mbele ya ubao. Akainua kidogo, vumbi tena. Akainua sana, goroli ikapita juu ikaingia msituni. Angeendelea angejua, maana ndiyo kazi yenyewe: unapiga, unakwenda kutazama, unarudi, unarekebisha. Lakini jua lilikuwa kali, na alikuwa ameshajisifia kilabuni kwamba bunduki yake haina mpinzani. Akatazama huku na huku. Akatembea mpaka karibu na ubao, hatua mbili tu, akafyatua. Tundu hilo, katikati kabisa!

Kamati ilishangilia. Mwenyekiti alipitisha kidole tunduni, akasema, "Huyu mpeni dungu la kilimani." Hakuna aliyeuliza neno.

Alipewa pia mwenzake wa kuwaswaga nguruwe, naye alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na mkuki na miguu yake tu. Asubuhi ya kwanza alimwuliza, "Shemeji, mimi nitapita kule chini niwatoe. Nikiwa pale kwenye kisiki, bunduki yako inanifikia?"

Kutoka dunguni hadi kisikini ni hatua themanini. Mlinzi akajibu, "Si umeuona ubao?"

Jamani, hapo angeweza kusema! Hapakuwa na kamati, hapakuwa na kilabu, alikuwepo shemeji yake peke yake. Neno moja tu: "Usifike kisikini." Hakulisema.

Dume la nguruwe lilitoka kwenye mahindi likiwa limeghadhibika, likamwelekea yule shemeji pale pale kisikini. Naye hakukimbia. Kwa nini akimbie? Ubao aliuona. Mlinzi akalenga, akafyatua. Vumbi likatimka mbele ya kisiki. Na gobore, wapendwa, ukishalifyatua, kulijaza tena ni kazi ya kusali Baba Yetu mara mbili. Dume halikungoja amina hata moja. Likampiga yule ndugu, likamvunja mguu chini ya goti, likaingia porini.

Mlinzi alishuka mbio. Alihitaji mbao za kuufunga ule mguu, na ubao uliokuwa karibu ni mmoja tu. Akarudi dunguni, akaung'oa ule ubao, akaupasua kwa panga vipande viwili, akamfunga. Kipande kimoja kilibaki na tundu. Fundi wa kuunga mifupa alipofika alisema, "Umefungwa vizuri, msiguse." Mke wa mlinzi akamshukuru mumewe huku akilia: "Asante, baba watoto, umeniokolea kaka yangu."

Watu walipokuja kumjulia hali mgonjwa, wengine walinong'ona kwamba mlinzi hajui kulenga. Yule shemeji aliwakatiza. "Msimseme mtu wangu. Alipima. Ubao si huu?" Akagonga mguuni, ko ko ko. Na mlinzi yupo pale, ameshika bakuli la uji, anatazama sakafu. Wiki ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Mnaonaje, yupi kati yao alikuwa mgonjwa?

Wiki ya tatu alimkuta shemeji amekaa, ana kitambaa kilicholowa mkononi.

"Shemeji, sogea. Unaona weusi huu unaolizunguka tundu? Nilidhani uchafu. Nimeusugua siku mbili, hautoki. Nikaunusa."

Mlinzi akainama kutazama.

"Ni moshi wa baruti. Moshi wa baruti unaruka hatua themanini?"

Mkewe alikuwa mlangoni, na yeye alisikia.

"Shemeji," mgonjwa akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuua yule mtu, "ulisimama wapi?"

Ndugu zangu, mnadhani dhambi yake ilikuwa kukosa shabaha? Bunduki zote zinashuka mbali. Na mioyo yetu yote inashuka mbali. Kumpenda anayenipenda, hiyo ni hatua ishirini, hata mimi napata. Kumvumilia jirani mwenye maneno, hapo napata pembeni. Kumsamehe aliyeniumiza kweli kweli, vumbi! Mungu anajua. Angetupa dungu la karibu na nyumba, tukapima tena kesho, na hakuna ambaye angevunjika mguu.

Lakini sisi tunataka kilimani. Tunatembea mpaka mbele ya ubao, tunatoboa tundu, tunaleta kanisani, na mnapitisha kidole mnasema haleluya. Nasema sisi, maana mimi ndiye ninayesimama hapa juu kila Jumapili nikihubiri msamaha, na kuna nyumba moja katika mtaa huu sijakanyaga mwaka wa nne. Naona haya kulisema. Naona haya zaidi kwamba hamkujua.

Sasa tazama aliyekaa karibu nawe. Mke wako, mume wako, huyo mwenzako wa kwaya. Huenda yupo kisikini asubuhi ya leo, hakimbii, kwa sababu aliuona ubao wako. Hatutafumba macho leo, na wimbo utangoja. Mgeukie sasa hivi, kabla dume halijatoka kwenye mahindi, umwambie ulisimama wapi.

Mimi nashuka. Ile nyumba si mbali.