Siku Tuliyotaka Kutoboa Tangi

Bomba la juu halikaushi tangi. Mmemsikia bibi yenu akiwaambia hivyo jikoni, mlipotaka kuikomba ile sufuria ya wali aliyoitenga, nanyi mmekuja kwangu mmenuna, mnauliza hiyo ni methali ya wapi na mbona shuleni hamkufundishwa. Hamkufundishwa kwa sababu umri wake ni mdogo kuliko wangu. Ilizaliwa juu ya paa la jengo hili hili mnalokaa, hapa Dodoma, na aliyesababisha izaliwe ni huyu babu yenu mnayemtazama. Kaeni niwaeleze kisa chake, na wewe Chilewa weka hiyo simu chini, sirudii.

Miaka hiyo nilikuwa mwenyekiti wa wapangaji. Jengo lilikuwa na ghorofa sita na familia ishirini na nne, na halikuwa na hata kengele moja ya moto. Wakaguzi walipokuja wakamwambia mwenye jengo alifunge au aliwekee kengele na vinyunyizio vya maji. Akamleta Injinia Sekela, binti wa Kinyakyusa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio la kushoto. Mimi nilipomwona nikajisemea, haya, wametuletea mtoto. Nilikuwa na kiburi siku hizo, msicheke, bibi yenu ndiye shahidi.

Alizunguka jengo siku nne na futi yake. Alipima korido, akapima vyumba, akahesabu hatua kutoka mlango wa mwisho mpaka kwenye ngazi. Aliuliza mambo ambayo sisi tuliyaona umbea mtupu: nani anapikia mkaa ndani, nani analala mchana, nani hawezi kutembea. Nikamwambia mama yangu, Bi. Mbeleje, miguu yake ilishakataa kazi, na kutwa yuko kitandani sebuleni kwangu ghorofa ya nne, tumemweka karibu na dirisha ili asikie watu wanavyopita. Akaandika, tena akapigia mstari.

Kisha akatueleza alichokusudia. Darini vitakaa vichwa vidogo vya shaba, kila kimoja kina kichupa chekundu chembamba. Moto ukiwaka chini yake, joto linakipasua kichupa na maji yanamwagika hapo hapo penye moto, si jengo zima. Kila nyumba itakuwa na kifaa cha kunusa moshi, kikinusa kinapiga kengele. Na juu ya paa, pembeni mwa tangi, itakaa pampu itakayojiwasha yenyewe kichupa kikipasuka. Tukasikiliza, tukatikisa vichwa kama watu walioelewa.

Lakini kinyunyizio bila maji ni pambo la dari, na maji Dodoma, nani asiyejua. Tangi lilikuwa moja tu, lile jeusi kubwa lililoko juu mpaka leo. Kwa hiyo Injinia alitaka sehemu ya maji yake isiguswe, iwe akiba ya siku ya hatari. Katika mchoro wake wa kwanza aliweka koki yenye kufuli, na ufunguo akasema akae nao mwenyekiti. Nilifurahi mno. Ufunguo ni cheo, na mimi cheo nilikuwa nakipenda.

Aliyeuharibu ule mchoro ni Mzee Ndahani, msimamizi wa jengo. Alikuwa amelinda jengo jingine kabla ya hili, lenye kufuli ya namna hiyo hiyo, akamsimulia Injinia kwamba kule kufuli ilidumu mpaka kiangazi cha kwanza. Mwenyekiti wa kule hakuwa mtu mbaya, alikuwa na majirani tu. Injinia akanigeukia, akaniuliza: siku mtoto wa jirani analia kiu na mama yake yuko mlangoni kwangu, nitafungua au sitafungua? Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba sitafungua. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Aliporudi alikuwa na mchoro mwingine. Bomba la vinyunyizio lilitoka chini kabisa ya tangi. Bomba la majumbani, ambalo zamani lilitoka chini, alilipandisha juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Maana yake maji yakishuka hadi pale, mabomba ya majumbani yanakauka yenyewe, na yaliyobaki chini hayana njia ya kutoka ila kwenda kuzima moto. Hakuna kufuli, hakuna ufunguo, hakuna wa kubembelezwa. Nilimchukia kwa hilo, nawaambieni ukweli.

Mafundi wakafunga kila kitu, Injinia akakagua, akaondoka. Ikapita masika, na kiangazi kilichofuata kikawa cha kutukomoa. Mgao wa maji ukawa siku moja kwa juma, kisha hata hiyo siku moja ikawa hadithi. Tukapitisha siku kumi na moja bila tone bombani. Wanawake na wanaume walibeba madumu kutoka kisimani, wakipanda nayo ngazi mpaka ghorofa ya sita. Na kila aliyepanda juu ya paa kuchungulia tangini aliona maji yanameremeta kule chini, mengi, yametulia tuli.

Hapo ndipo watu walipoanza kumtukana Injinia. Mtu akinyimwa sukari na jirani, alisema, "Aa, huyu naye bomba la juu." Mchoyo akaitwa bomba la juu, hata mwalimu aliyesahihisha kwa ukali. Nacheka sasa, lakini wakati ule sikuwa nacheka, kwa sababu ya mama. Mtu anayelala kutwa lazima aogeshwe kila siku, la sivyo ngozi inaharibika. Muuguzi alikuwa ameshaniambia hivyo mara mbili. Na mimi nilikuwa nampangusa mama yangu mzazi kwa kitambaa chenye maji ya kikombe kimoja, huku nikijua ghorofa mbili juu yetu kuna maji ya kuogesha kijiji. Iliniuma. Nililala nikiwaza tangi, nikaamka nikiwaza tangi.

Nikaitisha mkutano. Sikuhitaji maneno mengi, watu walikuwa wameshachoka. Tukaafikiana tumwite fundi Sabas, alitoboe tangi chini, aweke koki, tugawane. Mzee Ndahani peke yake alikataa, tukamwambia yeye anakaa chini, hapandi na dumu. Ilikuwa Sabas aje Jumamosi, ila Jumamosi hiyo akafiwa na shemeji yake, tukasogeza mbele juma moja. Likumbukeni hilo juma moja.

Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi, nilikuwa sebuleni napiga pasi shati langu jeupe. Mwenyekiti hawezi kwenda kuongoza mapinduzi juu ya paa na shati lenye mikunjo, sivyo? Nilitandika blanketi juu ya meza, karibu na mlango. Nikiwa katikati ya mkono wa kushoto, umeme ukakatika. Nikailaza pasi pale pale juu ya blanketi, nikavaa shati lingine, nikamwambia mama naenda kumletea maji. Akaniambia nisikawie. Bibi yenu alikuwa kisimani. Nikafunga mlango, nikapanda.

Juu niliwakuta watu kama ishirini, ndoo mkononi, utadhani sherehe. Sabas ameshachora alama kwenye tangi kwa chaki, chini kabisa, ila drili yake ni ya umeme na umeme hakuna. Tukasubiri. Tukiwa tunasubiri, Injinia Sekela akatokea mlango wa ngazi, anahema. Mzee Ndahani alikuwa amempigia simu. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja akaketi sakafuni, mgongo wake ukiwa juu ya ile alama ya chaki.

Mara umeme ukarudi. Watu wakapiga vigelegele. Sabas akachomeka drili, ikanguruma, nami nikamwambia yule binti aondoke. Akasema haondoki. Tukabishana pale muda mrefu, jua linatuchoma. Nilimweleza habari za mama yangu mbele ya watu wote, nikaona aibu, nikazidi kufoka. Yeye hakufoka. Alisema, "Mwenyekiti, mama yako nimemwandika kwenye mchoro wangu. Bomba la juu halikaushi tangi. Ukilishusha leo kwa sababu nzuri, kesho litakuwa chini kwa kila sababu."

Watu waliposikia bomba la juu wakaangua kicheko. Kicheko hakijaisha, kengele ikalia.

Nikasema kuna mtu anakaanga dagaa. Ilikuwa imeshatusumbua mara nyingi kwa dagaa na kwa ubani wa Ijumaa, hakuna aliyeshtuka. Nilimwambia Sabas amsogeze Injinia kwa mkono kama hasikii. Sabas akainama. Hapo hapo, pembeni yetu, pampu ikajiwasha.

Injinia akasimama. "Kengele inaweza kudanganywa na dagaa," akasema. "Pampu haiwezi. Hiyo ni kichupa kimepasuka. Kuna moto."

"Ghorofa ya nne!" Mzee Ndahani alipaza sauti kutoka chini ya ngazi, maana kibao chenye taa za kila ghorofa kilikuwa kwake. "Mwenyekiti, ni ya nne!"

Nikaikumbuka pasi.

Wajukuu zangu, sijui nilivyozishuka zile ngazi. Najua nilikuwa naomba, tena kwa sauti, namwomba Mungu anichukue mimi. Pasi yenyewe ilikuwa ile ya zamani isiyojua kujizima. Tuliushangilia umeme uliorudi, na ule umeme ndio uliokwenda kuchoma blanketi hatua sita kutoka kitanda cha mama yangu. Nilifika mlangoni, moshi unatoka chini yake, ufunguo hauingii. Injinia aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeuchukua akafungua.

Ndani maji yalikuwa yananyesha. Dari letu la sebuleni linanyesha, wakati Dodoma nzima hakuna tone! Meza ilikuwa nyeusi upande mmoja, blanketi limekwisha, pazia limeungua nusu, na lile shati jeupe sikuliona tena. Moto haukuwepo. Kilichobaki ni moshi na harufu na maji yanayotiririka hadi koridoni. Na kule dirishani, kitandani, mama yangu amelowa chapachapa, kitambaa cha kichwa kimemganda usoni, amejishika kwenye nondo za dirisha, anatetemeka, mzima. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka, lakini sisi wote tulikuwa juu tunashangilia drili.

Nilipiga magoti pale majini nikalia kama mtoto. Mama akanifuta uso kwa kiganja chake, ingawa yeye ndiye aliyelowa zaidi. Kisha akasema, "Ulisema unaniletea maji. Haya, yamefika. Sasa nipe taulo."

Nikacheka huku nalia. Injinia naye akaketi kwenye kizingiti, akavua ile miwani yake, akacheka mpaka akashindwa kusema. Watu waliojazana mlangoni na ndoo zao tupu wakaanza kucheka pia, na wengine wakijifuta machozi. Muuguzi alipokuja alisema mama amemeza moshi kidogo tu, avalishwe nguo kavu, anywe chai. Alikunywa vikombe vitatu.

Jioni nilipanda juu peke yangu. Nikachungulia tangini, nikaona maji yameshuka kiasi cha shubiri mbili. Nikaitazama ile alama ya chaki. Kama shemeji yake Sabas angekufa siku nyingine, tungetoboa Jumamosi ya kwanza. Na nilivyotujua sisi, ndani ya siku tatu tangi lingekuwa kavu kama mbuyu uliotobolewa na mchwa. Kichupa kingepasuka, pampu ingenguruma, na juu ya mama yangu pangetoka upepo. Nilikaa pale nikamshukuru Mungu, nikamwombea na marehemu. Kisha nikaifuta ile chaki kwa kiganja.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwomba Injinia radhi. Alikubali, ila akasema na yeye ana kosa: alifikiria moto akasahau kiu. Akatuchorea tangi la pili, dogo, la wagonjwa na watoto wachanga wakati wa mgao. Nalo, msiniulize, bomba lake alilipandisha juu, ili kila mara yabaki maji ya mgonjwa mmoja wa ghafla. Safari hii hakuna aliyenung'unika.

Tangu hapo lile neno likageuka. Hakuitwa tena mchoyo bomba la juu. Mama ndiye aliyeanza kulisema vizuri, siku nilipotaka kummwagia dumu zima kwa furaha ya mgao kurudi. Alinishika mkono akaniambia niache kidogo, bomba la juu halikaushi tangi. Majirani wakalichukua, likashuka ngazi, likaenda sokoni, sasa hata watu wasiolijua jengo hili wanalisema. Mama aliishi miaka saba baada ya siku ile, akafa usingizini, ngozi yake safi.

Kwa hiyo msidhani ni methali ya kunyimana. Mimi siku ile nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote duniani, nilikuwa nampenda mama yangu, na kwa sababu hiyo hiyo nusura nimuue. Kikomo kiweke mapema, siku una akili zako, tena ukiweke mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki, maana siku ya kiu utajisikiliza wewe tu.

Mjomba wenu yuko njiani anatoka Singida na watoto wanne, amepiga simu sasa hivi, hawajala tangu asubuhi. Bibi yenu hakujua kama watakuja leo. Alitenga tu, kama anavyotenga kila siku. Haya, nendeni mkaipashe moto ile sufuria, na anayetaka kununa tena akanune. Bomba la juu halikaushi tangi.