Udongo wa Heng

Mtu mmoja wa familia ya Luo, katika wilaya moja ya mashambani nchini China, alikuwa na wana wawili na mashamba mawili ya mpunga, moja huku ya mto na jingine ng'ambo. Alipokufa, Heng, mwana mkubwa, alirithi shamba la huku pamoja na kaburi la baba yao lililokuwa ndani yake. Pei, mdogo, alipata la ng'ambo. Mgawanyo ulikuwa wa haki, na kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuwaambia.

Lakini ng'ambo kulikuwa na boma. Zamani, enzi za nasaba ya kwanza ya wafalme, boma la wilaya lilikuwa katika kijiji cha Heng. Nasaba ya pili ikalihamishia ng'ambo, ikabadilisha na jina la wilaya. Ya tatu ikaimeza wilaya nzima ndani ya jirani yake. Ya nne ikaitoa tena, ikaipa jina la Amani ya Milele, jina ambalo wazee walifariki kabla hawajalizoea, na boma ikalirudisha palepale ng'ambo. Wafalme walipanga na kupangua, na mkulima aliendelea kuinamia mpunga uleule. Ila hilo la boma kukaa upande wa Pei lilimkera Heng kuliko ukame.

Sisemi kwamba Heng alikuwa na njaa. Ghala lake lilijaa. Lakini kila alfajiri ngoma ya boma ilipolia ng'ambo, alisukuma bakuli lake kando. Aliona soko likikusanyika upande wa mdogo wake. Alisikia watu wakimwita Pei jirani wa serikali, na Pei akicheka tu, maana alikuwa mtu wa kucheka. Heng alikichukia kile kicheko. Mimi ndiye mkubwa, alijiambia, iweje heshima ikalale kwa mdogo? Mkewe alimwonyesha jinsi mpunga wao ulivyojaa mwaka ule, yeye akawa anatazama mto. Mwenye wivu hana macho ya kukiona chake.

Ikaja nasaba mpya, na mkuu mpya wa wilaya akataka kuamua boma likae wapi. Huko kulikuwa na desturi. Vijiji viwili vikigombea boma, kila kimoja huleta pishi moja ya udongo wake, nao hupimwa kwenye mizani mbele ya watu wote. Udongo mzito ndio unaostahili kubeba serikali. Ndivyo walivyoamini, na sisi tusiwacheke, maana nasi tunazo mizani zetu za ajabu. Wazee wa kijiji walimtuma Heng achote udongo kwenye uwanja wa kijiji, ambao ni wa wote. Hakwenda uwanjani. Alichota shambani kwake, ili heshima ikija ije kwa jina lake. Kisha akapita kwa mhunzi, akazoa unga wa chuma ulioanguka chini ya tupa, akauchanganya na udongo taratibu kwa mikono yake mpaka usionekane.

Siku ya kupima, mizani iliinamia upande wake. Watu wa kwao walishangilia. Pei alikuja akainama mbele ya kaka yake kumpongeza, tena kwa moyo mweupe, na Heng akaona uchungu kwamba hata kushindwa hakukumuumiza mdogo wake.

Mkuu wa wilaya akauliza, "Udongo huu ni wa nani?"

"Wangu," alijibu Heng, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Umetoka shambani kwangu."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Mkuu wa wilaya alifurahi sana. Boma jipya, ambalo sasa lingekuwa kijijini kwa Heng, lilihitaji ukuta wa udongo wa kushindiliwa, na ni udongo gani ungefaa kuliko ule ulioushinda mwenzake? Akaamuru ukuta wote ujengwe kwa udongo wa shamba la Heng. Tena ujengwe mwembamba, kwa kuwa udongo mzito kiasi kile hauhitaji unene. Heng angesema kweli angepoteza kichwa. Akanyamaza, akapoteza shamba. Wachimbaji walikuja na majembe na vikapu, na walipofika kwenye kaburi walimkabidhi mifupa ya baba yake. Akaitia ndani ya mtungi, kama ilivyo mila ya kule kaburi linapohamishwa, akaanza kuutafutia mahali.

Pei alisikia, akavuka mto. Siku ile hakucheka.

"Kaka," alisema, "mlete baba alale kwangu. Nawe uje tulime pamoja. Pale palipokuwa na boma nimepanda mpunga, utatutosha sote."

Heng alitazama ng'ambo. Kweli, kiwanja cha boma la zamani kilikuwa kijani kitupu. Mnadhani aliona mahali pa kumlaza baba yake? Aliona kwamba mdogo wake amemzidi tena. Akawaza jinsi kila mwaka, siku ya kusafisha makaburi, yeye mwana mkubwa atakavyopiga hodi kwa mdogo ili aonyeshwe kaburi la baba. Wivu ukamwaka kifuani, akauita heshima.

"Baba atakaa kwangu," akasema, na mdogo wake akavuka mto kurudi kwake.

Lakini kwake palikuwa shimo lililojaa maji. Mahali pakavu pekee palipomsalia ni ukanda mwembamba chini ya ukuta wa boma. Hapo ndipo alipouweka mtungi, hadi atakapopata shamba jingine.

Mvua kubwa zikaja. Ukuta ule haukuwa na chuma ndani yake. Ulikuwa udongo wa kawaida wa kulimia mpunga, umejengwa mwembamba kwa sababu ya uongo wa pishi moja. Ukalowa, ukapasuka, ukalala chini, na mtungi ukiwa chini yake. Heng alichimba kwa mikono. Pei alifika akachimba kando yake, wote wawili wamezama kwenye matope mpaka kiunoni. Hawakuweza kuutenga mfupa na kigae, wala kigae na udongo. Mwishowe Pei alimshika kaka yake mabega akamwinua, kwa maana alikuwa akiendelea kukwangua mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

Nasaba iliyofuata ililipeleka boma mji mwingine kabisa, mbali na wote wawili, wala haikumpimia mtu udongo. Ilitoa amri tu.

Basi wewe unayekosa usingizi kwa sababu ya paa la nduguyo, nijibu: siku ile ya mizani, Heng alimshinda nani?